urljoin ya Python: inafaa kwa kazi gani, na wapi usiitegemee

Viungo vingi vilivyomo ndani ya kurasa za wavuti havijakamilika. Kimoja kimeandikwa `../picha/nembo.png`, kingine `/bei`, kingine `?ukurasa=2`, kingine `//cdn.example.net/a.js`. Kivinjari hukamilisha vyote kimyakimya. Programu yako haitafanya hivyo mpaka uiagize, na kwa anayeandika Python kifaa cha kazi hiyo kimo ndani ya lugha yenyewe: funksheni ya `urljoin`, kwenye moduli ya `urllib.parse`. Haisakinishwi, haina mipangilio ya kuhangaikia, na haigusi mtandao. Unaipa anwani ya msingi na anwani tegemezi (ile isiyokamilika), inakurudishia anwani kamili.

Watu huitumia kwa kazi tatu: kukamilisha viungo vya kurasa, kuunda anwani za API (mlango ambao programu moja hupitia kuomba data kwa nyingine), na kushughulikia anwani zilizoletwa na watumiaji. Kwa kazi ya kwanza ni nzuri sana na hakuna sababu ya kuandika ya kwako. Kwa ya pili inafaa ukishajua kanuni moja ya mkwaju (alama ya `/`). Kwa ya tatu, usiitegemee hata kidogo.

Inavyohesabu

Kanuni zake zinatoka RFC 3986, waraka wa viwango vya intaneti wa Januari 2005, ya Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Sehemu ya 5 ya waraka huo inaeleza ukamilishaji hatua kwa hatua, na ina mifano ya kujipimia. Python ilijipatanisha nao kuanzia toleo la 3.5. Msimbo wa zamani uliozoea tabia ya kabla ya hapo unaweza kutoa majibu tofauti, hasa pale `..` zinapozidi idadi ya folda zilizopo: zamani zilibaki ndani ya anwani, sasa zinatupwa.

Chukua anwani hii ya msingi:

    https://example.org/vitabu/riwaya/orodha.html?mwaka=2020

Majibu ya `urljoin` ni haya:

    sura1.html              https://example.org/vitabu/riwaya/sura1.html
    ../                     https://example.org/vitabu/
    ../../../../ramani      https://example.org/ramani
    /bei                    https://example.org/bei
    ?mwaka=2021             https://example.org/vitabu/riwaya/orodha.html?mwaka=2021
    #juu                    https://example.org/vitabu/riwaya/orodha.html?mwaka=2020#juu
    //cdn.example.net/a.js  https://cdn.example.net/a.js

Angalia mstari wa tano na wa sita. Kiungo kinachoanza na alama ya kuuliza hubakiza jina la faili na kubadilisha kila kilicho baada yake. Hakiongezi kwenye maswali yaliyokuwepo (sehemu inayoanza na `?`). Kinachoanza na alama ya reli (`#`) hubakiza yote, pamoja na maswali. Aliyezoea kuunganisha maandishi kwa `+` hukosea hapa kila mara, kwa kuwa `+` haijui sehemu za anwani.

Kanuni ya kushika ni hii: kabla ya kuunganisha njia, kila kilicho baada ya mkwaju wa mwisho wa msingi hukatwa. `urljoin` haijui kama `v1` ni folda au ni faili, wala haiwezi kujua, maana haiulizi seva. Inaangalia mkwaju tu.

    urljoin('https://example.org/api/v1',  'watu')   https://example.org/api/watu
    urljoin('https://example.org/api/v1/', 'watu')   https://example.org/api/v1/watu
    urljoin('https://example.org/api/v1/', '/watu')  https://example.org/watu

Malalamiko mengi kwamba "urljoin imekula sehemu ya anwani yangu" yanaishia kwenye mistari hii mitatu. Haijala kitu. Imefanya kile ambacho kivinjari kingefanya kikikuta kiungo hicho kwenye ukurasa huo.

Anwani ya msingi ndiyo kazi yenyewe

Kuita funksheni ni mstari mmoja. Kupata msingi sahihi ndiko kunakotofautisha programu inayokusanya kurasa vizuri na ile inayorudi na rundo la 404, jibu la seva kwamba ukurasa haupo.

Anza na anwani ambayo jibu limetoka kweli, si ile uliyoiomba. Ukiomba `https://example.org/habari` na seva ikakuelekeza `https://example.org/habari/`, kiungo `leo.html` kinatakiwa kuwa `/habari/leo.html`. Ukitumia anwani ya mwanzo utapata `/leo.html`, ambayo haipo. Tatizo hili lina dalili yake: ukurasa wa mbele unasomeka vizuri, kisha viungo vyote vya sehemu moja ya tovuti vinakufa kwa pamoja. Kwenye maktaba ya `requests` anwani ya mwisho imo ndani ya `jibu.url`, kwenye `urllib.request` pia ni `jibu.url`. Kwenye JavaScript, jibu la `fetch` lina `url` yake vilevile.

Hatua ya pili ni kutafuta `<base href="...">` kwenye ukurasa. Ikiwepo, inachukua nafasi ya anwani ya ukurasa kwa viungo vyote. Inayohesabika ni ya kwanza yenye `href`, zinazofuata hupuuzwa. Halafu, na hili husahaulika, thamani ya `href` hiyo yenyewe inaweza kuwa anwani tegemezi, kwa hiyo nayo ikamilishwe kwanza kwa kutumia anwani ya ukurasa. Tena `<base>` hugusa hata viungo vya `#juu`: mwenye tovuti akiiweka bila kufikiri, viungo vyake vya ndani ya ukurasa huanza kumpeleka msomaji ukurasa mwingine kabisa. Programu yako ikifuata kanuni itaona kitu hichohicho, na hiyo si hitilafu ya programu.

`urljoin` haijui lolote kuhusu `<base>`, na BeautifulSoup, maktaba ya kusoma HTML, haitakufanyia. Lxml, maktaba nyingine ya kazi hiyo, inayo `make_links_absolute`, ambayo husoma `<base>` yenyewe usipoizuia. Scrapy, mfumo wa kukusanya kurasa, nayo inafanya hivyo ukiita `response.urljoin(kiungo)` badala ya `urljoin` tupu. Ndani ya Scrapy tumia hiyo siku zote.

Safisha nafasi. HTML inaruhusu nafasi na mistari mipya kabla na baada ya anwani ndani ya `href`, na kivinjari huziondoa. Python siku hizi huondoa nafasi za mwanzo, na huondoa vichupo (tab) na mistari mipya popote vilipo, lakini nafasi za mwishoni hubaki. Matokeo yake ni anwani inayoonekana sawasawa kwenye skrini na kushindwa kwenye seva. Tumia `strip(' \t\n\r\f')` na si `strip()` tupu, maana ile tupu huondoa pia aina nyingine za nafasi ambazo kivinjari hakiziondoi.

Kitu kingine cha kulinda ni kosa linalorushwa. Kiungo kibovu kama `http://[abc` hufanya `urljoin` irushe `ValueError`, kwa sababu mabano ya mraba huashiria anwani ya IPv6 na hapa hayajafungwa. Kiungo kimoja cha namna hiyo katika ukurasa wa viungo 3,000 kinatosha kusimamisha kazi nzima usipokikamata.

Ukiweka yote pamoja:

    from urllib.parse import urljoin, urldefrag, urlsplit

    NAFASI = ' \t\n\r\f'

    def kamilisha(ukurasa, base_href, kiungo):
        try:
            msingi = ukurasa
            if base_href:
                msingi = urljoin(ukurasa, base_href.strip(NAFASI))
            kamili = urljoin(msingi, kiungo.strip(NAFASI))
            kamili = urldefrag(kamili).url
            if urlsplit(kamili).scheme not in ('http', 'https'):
                return None
            return kamili
        except ValueError:
            return None

`urldefrag` ipo ili `a.html#moja` na `a.html#mbili` zisihesabiwe kurasa mbili na kupakuliwa mara mbili. Ukaguzi wa itifaki upo kwa sababu `mailto:`, `tel:`, `javascript:` na `data:` zinarudi kama zilivyo, na usipozichuja zitaingia kwenye foleni ya kupakua. Chuja baada ya kukamilisha, si kabla. Ukichuja kabla kwa kuangalia kama kiungo kinaanza na `http`, utatupa viungo tegemezi vyote, yaani hasa vile ulivyokuja kuvitafuta.

Si kila anwani ndani ya ukurasa hutegemea ukurasa huo. `url(...)` iliyo ndani ya faili la CSS la nje hutegemea anwani ya faili hilo la CSS. Njia ndani ya `fetch('data.json')` hutegemea ukurasa, hata kama msimbo wenyewe umo kwenye faili lililo folda nyingine; lakini `import './kitu.js'` hutegemea moduli iliyoiandika. Ndiyo maana kwenye moduli za JavaScript picha huombwa kwa `new URL('./picha.png', import.meta.url)`. Kwenye malisho ya Atom (faili za XML za kutangaza habari mpya za tovuti) kuna `xml:base`, inayoweza kubadilika kutoka kipengele hadi kipengele. Na `srcset`, sifa ya HTML ya kutaja picha za ukubwa tofauti, si anwani, ni orodha: kila anwani itolewe peke yake, pamoja na kutenganishwa na vipimo kama `2x` au `640w`, ndipo ikamilishwe. Ukiipa `urljoin` thamani nzima ya `srcset` haitalalamika. Itakurudishia upuuzi mrefu unaoanza na `https://`.

Mtego mwingine unatoka kwenye tovuti yenyewe. Ukurasa uko `/habari/`, mwandishi wake ameandika kiungo `habari/leo/` akisahau mkwaju wa mwanzo, na seva yake inajibu 200, yaani "ukurasa upo", kwa njia yoyote ile. Matokeo yatakuwa `/habari/habari/leo/`, kisha `/habari/habari/leo/habari/leo/`, na kuendelea bila kikomo. `urljoin` iko sahihi katika kila hatua. Dawa iko kwako: weka ukomo wa kina cha njia, na kataa anwani ambayo kipande kilekile kinajirudia zaidi ya mara mbili au tatu.

Kasoro zake za kweli

Iliyo nzito kuliko zote ni jinsi inavyoshughulikia mikwaju miwili iliyofuatana ndani ya njia. RFC 3986 haisemi ifutwe, na vivinjari haviifuti. `urljoin`, kiungo kinapokuwa njia isiyoanza na mkwaju, huifanya mmoja. Kwa tovuti nyingi haidhuru kitu, lakini kwenye kumbukumbu za wavuti, ambazo huweka anwani nzima ndani ya njia, inavunja kabisa:

    urljoin('https://web.archive.org/web/2020/https://example.org/a/b', 'c')
    https://web.archive.org/web/2020/https:/example.org/a/c

Angalia `https:/` ya pili ilivyobaki na mkwaju mmoja. Anayekusanya kurasa za namna hiyo akamilishe kiungo kwanza kwa anwani ya asili iliyo ndani, kisha arudishe kianzio cha kumbukumbu mbele yake.

Kasoro ya pili ni itifaki isiyoifahamu. Ndani ya moduli kuna orodha ya itifaki zinazokubali anwani tegemezi: `http`, `https`, `ftp`, `file`, `ws` na nyingine kadhaa. Isiyokuwemo hupata jibu la kushangaza:

    urljoin('s3://ndoo/ripoti/mei.csv', 'juni.csv')
    juni.csv

Hakuna kosa wala onyo. Msingi mzima umetupwa. Wapo wanaoongeza `'s3'` kwenye `urllib.parse.uses_relative` na `uses_netloc`. Inafanya kazi, mradi uongeze kwenye orodha zote mbili, ila inabadilisha tabia kwa programu nzima pamoja na maktaba ulizozikaribisha ndani yake. Njia safi zaidi ni kubadilisha kianzio kuwa `https:` kwa muda, kukamilisha, kisha kurudisha `s3:`.

Ya tatu ni hoja ya tatu, yaani thamani ya tatu unayoipa funksheni, na hii ni hatari kwa wanaotoka lugha nyingine. Ukiandika

    urljoin('https://example.org/', 'api/', 'watu')

utapata `https://example.org/api/`. Hoja ya tatu si kipande cha njia. Ni `allow_fragments`, ya kuamua kama alama ya reli itambuliwe. Maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabika kuwa ndiyo, basi `'watu'` inamezwa bila neno. Hili lilistahili kurusha kosa, na ni doa kwenye kifaa ambacho kwingine kina adabu.

Ndogondogo ni hizi. Kiungo kitupu hurudisha msingi kama ulivyo pamoja na alama ya reli yake, wakati RFC inataka sehemu hiyo iondoke. Ukichanganya `str` na `bytes` inarusha `TypeError`, na hapo inafanya vizuri. Jina la faili lenye nukta pacha, mfano `sura:tatu`, huchukuliwa kuwa itifaki iitwayo "sura" na kurudi bila kukamilishwa. Vivinjari navyo hufanya vivyo hivyo, na mwenye ukurasa alitakiwa kuandika `./sura:tatu`. Mwisho, haibadilishi nafasi kuwa `%20`. Kiungo `picha ya kwanza.png` kitabaki na nafasi zake. `requests` itakurekebishia wakati wa kutuma ombi, ila `urllib.request` itakataa kwa `InvalidURL`. Ukilinganisha na `new URL` ya JavaScript, ambayo hurekebisha papo hapo, hapa `urljoin` inaonyesha umri wake.

Kwa anwani za API

Inafaa, ukishika mambo mawili: msingi uishie na mkwaju, kipande kisianze nao. Weka mkwaju wa msingi mara moja pale unaposoma mipangilio, kwa `msingi.rstrip('/') + '/'`, ili asiyejua akijaza `https://example.org/api/v1` programu isipoteze `v1`.

Ugumu ni kwamba maktaba za kutuma maombi hazikubaliani kuhusu maana ya msingi. `base_url` ya httpx na `baseURL` ya axios zinabandika tu: msingi `https://example.org/api/v1` na njia `/watu` vinatoa `/api/v1/watu`. `BaseAddress` ya HttpClient kwenye .NET inafuata RFC, kwa hiyo maandishi yaleyale yanatoa `/watu` na `api/v1` inapotea. Anayehamisha mteja wa API kutoka lugha moja kwenda nyingine aangalie hapa kabla ya kulaumu funguo za kuingilia, maana jibu la kawaida la kosa hili ni 404, au ukurasa wa HTML mahali ulipotarajia JSON.

Kipande kinapotoka kwa mtumiaji au kwenye hifadhidata, kipitishe kwenye `quote(jina, safe='')` kwanza. Hiyo `safe=''` ni ya lazima, kwa sababu `quote` isipoambiwa huuacha mkwaju ulivyo. Ikiwekwa, mkwaju unakuwa `%2F`, alama ya kuuliza `%3F`, na nukta pacha `%3A`. Hata hivyo nukta haiguswi, kwa hiyo `..` inapita salama salmini na kukupandisha folda moja juu. Kataa `.` na `..` waziwazi kabla ya kuendelea, na ukatae kilicho kitupu pia.

Kwa anwani za watumiaji

Nyaraka za Python zenyewe zinaonya, na onyo hilo lichukuliwe kwa uzito. Mtumiaji akiweka anwani kamili mahali ulipotarajia jina, yake ndiyo inayoshinda:

    urljoin('https://example.org/wasifu/', '//mwizi.example/')
    https://mwizi.example/

Wengi hujibu kwamba watakagua jina la seva kwenye matokeo. Kwa seva yako inapokwenda kupakua kitu, ukaguzi huo unasaidia, ilimradi uurudie kila mara jibu linapokuelekeza kwingine. Kwa anwani unayomrudishia mtumiaji ili kivinjari chake kiende huko, hautoshi. Chukua `/\mwizi.example`. Python inauona mkwaju ulioinamia nyuma kuwa herufi ya kawaida ndani ya njia, na seva kuwa example.org. Kivinjari, kikipewa maandishi hayo kama yalivyo na kikifuata kanuni za WHATWG (kundi linaloandika viwango vya vivinjari), huuhesabu kuwa mkwaju wa kawaida, hivyo kinasoma `//mwizi.example` na kwenda huko. Vilevile `%2e%2e` kwa kivinjari ni sawa na `..`, kwa Python si sawa. Ukaguzi wako umesoma anwani moja, kivinjari kimeisoma nyingine, na mwizi anaishi kwenye pengo hilo.

Kwa hiyo usipokee anwani ya kurudi. Pokea jina fupi, kisha litafute kwenye orodha yako mwenyewe ya kurasa. Kama ni lazima upokee anwani, tumia kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa Python, inayo `url_has_allowed_host_and_scheme`, ambayo inaujua ujanja wa mkwaju wa nyuma.

Ikiwekwa pamoja na nyingine

`new URL(kiungo, msingi)` ya JavaScript ndiyo mshindani mkubwa, na kwa kuiga kivinjari inaishinda. Inarekebisha nafasi, inaelewa mkwaju wa nyuma, haifuti mikwaju miwili, na ikishindwa inarusha `TypeError` badala ya kurudisha nusu jibu. Ukitaka kukagua bila kukamata kosa kuna `URL.canParse`. Kwenye Node.js epuka `url.resolve`, ni ya kizamani. Mwandishi wa Python anayehitaji tabia hiyohiyo anaweza kusakinisha kifurushi cha `ada-url`, kilichojengwa juu ya maktaba ya Ada ambayo Node.js yenyewe inatumia, na kuita `join_url`. Kwa kukusanya kurasa zilizoandikwa kizembe, hicho ndicho cha kuchagua.

Go imelitatua suala la API kwa uzuri. `ResolveReference` inafuata RFC, na tangu toleo la 1.19 kuna `JoinPath` ya kubandika vipande tu, ambayo haitupi msingi hata kipande kikianza na mkwaju. Majina mawili kwa kazi mbili. Python ingefaidika kuiga.

Java inahitaji uangalifu. `java.net.URI` bado inafuata RFC 2396 ya 1998, kwa hiyo `resolve("?y")` hutupa jina la faili, `resolve("")` hutupa kipande cha mwisho cha njia, na `..` zilizozidi hubaki ndani ya jibu. Kwenye matoleo ya zamani, msingi usio na njia, kama `http://example.com`, ukikamilishiwa `foo` ulitoa `http://example.comfoo`, yaani seva nyingine kabisa. Hakikisha msingi unaishia na mkwaju kabla ya kuita chochote.

PHP kwa miaka mingi ilikuwa na `parse_url` pekee, bila kikamilishi, na kila mradi ulijitungia wake. Toleo la 8.5 limeleta `Uri\Rfc3986\Uri` na `Uri\WhatWg\Url`, zote zikiwa na `resolve`, na mchaguzi anaona kwenye jina lenyewe ni kanuni zipi anazifuata.

Kwa kukagua haraka kwenye terminali, `trurl` ya mradi wa curl inatosha:

    trurl --url https://example.org/a/b.html --redirect ../c.html

Itachapa `https://example.org/c.html`. Ukibadilisha lugha au toleo, andika jaribio dogo lenye viungo hivi na usome majibu moja moja: kitupu, `?y`, `#s`, `//g`, `../../../g`, `sura:tatu`, `/\g`, na `c` juu ya msingi wenye mikwaju miwili. Vikamilishi vinavyotofautiana huanza kutofautiana kwenye hivyo.